Kabla ya kulipia kozi ya Kijerumani, ujue kwanza mtihani unaokwenda kuufanya

Muulize yeyote aliyesoma Ujerumani kiasi cha Kijerumani kinachohitajika ili mtu aingie chuo kikuu, atakujibu kwa herufi na namba: B1, B2, C1, yaani ngazi za kuijua lugha, ambazo huanzia A1 hadi C2. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimfikishi mtu mbali. Vijana wawili wanaweza kuwa na C1 mkononi, mmoja akasajiliwa mwezi wa kumi na mwenzake akaambiwa cheti chake hakitambuliwi na chuo kile. Kijerumani wote wanakijua. Ila mmoja alianza kwa kuuliza chuo chake kinataka mtihani gani, kisha akatafuta kozi ya kumfikisha kwenye mtihani huo. Mwenzake alianza na kozi.

Mkanganyiko huu unawagharimu vijana wetu fedha za ukoo mzima na wakati mwingine mwaka wa maisha yao, kwa hiyo unastahili kufunguliwa taratibu.

Wapo ambao jambo hili haliwahusu sana. Anayekwenda kusoma shahada ya uzamili anaweza kupata programu inayofundishwa kwa Kiingereza, na shirika la DAAD, linalosimamia mabadilishano ya kitaaluma, limeweka orodha ya programu hizo mtandaoni. Shahada ya kwanza ni habari nyingine. Katika vyuo vya umma, sehemu kubwa ya shahada hizo hufundishwa kwa Kijerumani. Ukienda kusomea uhandisi, sheria au udaktari, mhadhara ni Kijerumani, mtihani ni Kijerumani, na mgonjwa wa wodini naye anaongea Kijerumani, tena mara nyingi kile cha kijijini kwao.

Jina moja, kozi tatu

Mtu akisema "kozi ya maandalizi" anaweza kuwa anazungumzia moja kati ya kozi tatu tofauti kabisa.

Ipo kozi ya lugha ya kawaida, ile inayoanzia A1 na kupanda ngazi kwa ngazi. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, wanaitoa Dar es Salaam na Nairobi, na shule za lugha zisizohesabika zinaitoa Ujerumani kwenyewe. Humo utakuta muuguzi, mpishi, mke anayemfuata mumewe, na wewe unayetaka chuo. Inafundisha Kijerumani cha maisha: kupanga nyumba, kwenda kwa daktari, kuandika barua ya malalamiko.

Ipo kozi ya chuo kikuu chenyewe, kwa yule ambaye cheti chake cha shule kimekubaliwa na kilichobaki ni lugha tu. Chuo kinampa udahili wenye masharti, unaoitwa bedingte Zulassung: nafasi yako ipo, lete lugha. Huingii huko ukiwa hujui kitu. Vyuo vingi vinataka uwe umefika B1 au B2, kisha unasoma vipindi 20 hadi 25 kwa wiki, na mwishoni unafanya mtihani uitwao DSH.

Halafu ipo Studienkolleg. Hii ni ya yule ambaye cheti chake cha sekondari hakihesabiwi kuwa sawa na Abitur, cheti cha Wajerumani cha kumaliza shule. Kwa kawaida huchukua mihula miwili na si ya lugha peke yake. Unapangiwa mkondo kulingana na unachotaka kusoma baadaye: T-Kurs kwa uhandisi na sayansi za hesabu, M-Kurs kwa tiba na biolojia, W-Kurs kwa uchumi na sayansi za jamii, G-Kurs kwa masomo ya sanaa, S-Kurs kwa lugha. Hesabu, fizikia, kemia, yote unayasoma upya kwa Kijerumani, na unamaliza kwa mtihani mkubwa uitwao Feststellungsprüfung. Ukifaulu, unaruhusiwa kuomba fani za mkondo wako tu. Aliyepita T-Kurs hawezi kugeuka akaomba udaktari.

Studienkolleg za serikali hazitozi ada ya masomo, ila kuna mchango wa muhula. Za binafsi hutoza maelfu ya euro. Kabla ya kuilipa ya binafsi, hakikisha mtihani wake wa mwisho unatambuliwa na serikali, na ujue utaufanyia wapi. Matangazo mtandaoni huwa matamu sana hapo, na mstari unaoeleza mtihani huandikwa chini kabisa.

Nani anakwenda wapi? Hilo haliamuliwi na bidii yako wala na wakala. Mawaziri wa elimu wa majimbo ya Ujerumani wana hazina ya data iitwayo anabin, ambamo vyeti vya kila nchi vimepangwa na kuwekewa maelezo. Kwa vyeti vya Afrika Mashariki, jibu hutegemea ngazi ya cheti, masomo uliyoyafanya, alama ulizopata, na kama umeshasoma mwaka mmoja au miwili chuo kikuu hapa nyumbani. Ndiyo maana ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kupewa majibu mawili tofauti. Vyuo vingi huachia kazi ya kukagua vyeti kwa uni-assist, taasisi iliyoko Berlin, ambayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi la ziada katika muhula huohuo. Na kwa kuwa video nyingi za mtandaoni kuhusu kusoma Ujerumani zimetengenezwa na Wahindi, utasikia habari za hati ya APS. Hiyo inahusu waombaji kutoka nchi kama India, China na Vietnam. Mtanzania au Mkenya haihitaji.

Wazo la kumweka mwanafunzi mgeni kwenye lugha kwanza kabla ya kumwachia fani si la jana. Mwaka 1951 Wanaijeria 11 walifika Leipzig, iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na miaka mitano baadaye mji huo ukawa na taasisi maalumu ya wanafunzi wa kigeni, ambayo mwaka 1961 ilipewa jina la Herder-Institut. Wanafunzi wengi waliopelekwa Ujerumani Mashariki na nchi rafiki walipitia humo kabla ya kutawanyika vyuoni. Zanzibar, iliyokuwa ya kwanza Afrika kuitambua serikali ya Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, nayo ilipeleka vijana wake nchini humo. Walimu wa Leipzig waligundua mapema jambo ambalo bado ni kiini cha kozi hizi: mtu anayejua kuagiza chakula kwa ufasaha anaweza kukaa kwenye mhadhara wa kemia saa nzima asiambulie chochote.

Mtihani ndio unaoamua

Vyuo vikuu vya Ujerumani vina utaratibu wa pamoja unaoeleza ni mitihani gani inathibitisha kwamba lugha yako inatosha kusomea. DSH ni wa vyuo vyenyewe, na matokeo yake hutolewa kwa ngazi tatu: asilimia 57 inakupa DSH-1, asilimia 67 inakupa DSH-2, asilimia 82 inakupa DSH-3. Fani nyingi zinataka DSH-2. TestDaF ni mtihani mmoja kwa dunia nzima, unaosimamiwa na taasisi iliyoko Bochum na kufanyika katika vituo vya nchi nyingi, kwa hiyo unaweza kuumaliza kabla hujapanda ndege. Unapima kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, kila kimoja kikipewa alama yake ya TDN 3, 4 au 5, na kwa kawaida chuo kinataka 4 katika vyote vinne. Mwaka 2020 ulianza kufanyika kwa kompyuta, na hata sehemu ya kuzungumza unaongea na kipaza sauti, hakuna mtu wa kukutikisia kichwa ili ujue anakuelewa. Inataka mazoezi peke yake.

Kisha kuna telc Deutsch C1 Hochschule, wa taasisi ya mitihani ya lugha iitwayo telc; Hochschule maana yake ni chuo. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu telc wana mtihani mwingine wa C1 usio wa chuo, na si kila aliyelipia aliutazama mstari huo vizuri. Kuna Goethe-Zertifikat C2, ambacho kinakubaliwa kila mahali. Na kuna Goethe-Zertifikat C1, ambacho ndicho kinachoumiza watu: vyuo vingi vinakipokea, vingine havikipokei, na vingine vinakipokea kwa fani fulani tu. Tangu Januari 2024 unaweza kukifanya kwa vipande, yaani ukianguka kuandika unarudia kuandika peke yake. Hiyo ni nafuu kubwa, ila haibadilishi swali la kama chuo chako kinakitaka.

Usimwamini mtu anayekwambia "C1 ni C1". Kila chuo kina ukurasa unaotaja vyeti vinavyokubaliwa kwa majina. Kama jina la cheti chako halimo, halimo.

Kinachofundishwa hasa

Sasa tuingie darasani, kwani hapa ndipo kozi ya chuo inapoachana na kozi ya kawaida.

Chukua sehemu ya kusikiliza ya DSH. Msomaji anasoma mhadhara, tuseme kuhusu usingizi na kumbukumbu, au historia ya treni. Anausoma, kisha anaurudia mara ya pili. Wewe unaandika notisi, halafu unajibu maswali kwa kutumia notisi zako. Wengi wetu tumekulia kwenye imla: mwalimu anasoma, darasa linaandika neno kwa neno, na notisi nzuri ni zile ambazo hazikuacha kitu. Tabia hiyo hapa inakuangusha, kwa sababu ukiwa bado unamalizia sentensi ya kwanza, ya nne imeshapita. Kozi nzuri inatumia wiki nyingi kukuvunja tabia hiyo. Unafundishwa kuandika mshale badala ya "inasababisha", kufupisha das heißt (yaani) kuwa d. h., na zaidi ya yote kusikiliza maneno yanayokuonyesha njia: zunächst, kwamba ndiyo kwanza anaanza hoja; im Gegensatz dazu, kwamba sasa anageuka; dennoch, kwamba alichokisema mwanzo hakitoshi; daraus folgt, kwamba hitimisho linakuja na kalamu iwe tayari. Aliyeyashika haya anaweza kukosa nusu ya msamiati na bado akajua mhadhara ulikwenda wapi.

Namba nazo zina darasa lake. Sisi tunasema themanini na saba. Mjerumani anasema siebenundachtzig, saba na themanini. Ukizoea kuandika unavyosikia, utaandika 78. Wengine hufundishwa kuandika 7 kwanza na kuacha nafasi kushoto kwa 8. Inaonekana kitu kidogo hadi mhadhara ulete miaka sita na asilimia nane ndani ya dakika mbili.

Sehemu ya kuandika mara nyingi huanza na mchoro wa takwimu unaotakiwa kuueleza na kuujadili. Hapo kuna kijineno kimoja kinachowaliza watu. Um 20 Prozent gestiegen maana yake imepanda kwa asilimia 20. Auf 20 Prozent gestiegen maana yake imepanda hadi asilimia 20. Kama awali ilikuwa asilimia 10, ya kwanza inaifikisha 12 na ya pili inaifikisha 20. Insha inaweza kuwa na sarufi safi na bado ikawa na takwimu za uongo kwa sababu ya um na auf.

Lakini sehemu ambayo ndiyo roho ya DSH, na ambayo huikuti kwenye kozi ya kawaida, ni ile ya miundo ya lugha ya kitaaluma. Unapewa sentensi na kuambiwa uigeuze bila kubadilisha maana. Tazama hii:

Weil die Temperatur steigt, dehnt sich das Metall aus.
Kwa kuwa joto linapanda, metali inatanuka.

Unatakiwa kuondoa weil pamoja na kitenzi chake, na kuweka nomino:

Aufgrund des Temperaturanstiegs dehnt sich das Metall aus.
Kutokana na kupanda kwa joto, metali inatanuka.

Mswahili anaweza kupata faraja hapa. Kiswahili cha magazeti na ripoti kinafanya jambo hilohilo kila siku: "kutokana na kuongezeka kwa bei", "baada ya kukamilika kwa ujenzi". Ufundi wa kugeuza kitenzi kuwa nomino ili sentensi ibebe mzigo zaidi unao tayari. Unachokosa ni nomino zenyewe, maana kwetu unachukua ku- na kazi imeisha, ilhali Kijerumani kina steigen na Anstieg, wachsen na Wachstum, sinken na Rückgang, na kila jozi unaijifunza peke yake. Ningeanza kuandika daftari la jozi hizo nikiwa bado B1, nisisubiri kozi.

Panapotutesa zaidi ni pale Mjerumani anapopachika maelezo yote kati ya kitambulishi na nomino yake. Sisi tunasema "utafiti uliofanywa Leipzig mwaka jana": nomino inatangulia, maelezo yanafuata, hakuna wa kumngoja. Mwandishi wa Kijerumani anaandika die im vergangenen Jahr in Leipzig durchgeführte Untersuchung. Kitambulishi die kiko mwanzo, nomino Untersuchung iko mwisho, na katikati umewekewa mwaka, mji na kitendo. Walimu hufundisha njia moja ya kusoma: ukikuta die halafu hakuna nomino karibu, ruka hadi uikute, weka mabano kichwani, kisha rudi usome kilichomo. Baada ya muda jicho linazoea. Sikio linachelewa kidogo, kwa sababu kwenye mhadhara huwezi kuruka mbele.

Na kwenye mhadhara kuna vitenzi vinavyogawanyika. Profesa akisema Die Forscherin stellt die Ergebnisse..., bado hujajua anasema nini. Ikija vor mwishoni, mtafiti anawasilisha matokeo. Ikija dar, anayaonyesha au kuyaeleza. Akisema stellt ein, anarekebisha kitu au kuajiri mtu, kutegemea kilichotangulia. Kitenzi kimekatwa vipande viwili na kipande chenye maana kinakuja mwisho wa sentensi, pengine baada ya maneno kumi na tano. Mwanafunzi anayetafsiri kichwani neno moja moja anafika mwisho amechoka na hana kitu. Ndiyo maana kozi hizi hukazania usikilize sentensi kama kitu kizima, ubaki umeifungua hadi ifungwe.

Tunachokuja nacho

Nasikia mara nyingi kwamba Kijerumani ni kigumu kwa Mwafrika. Si kweli, na kwa mtu wa Kiswahili si kweli zaidi. Wewe umezaliwa na lugha ambamo nomino inatawala sentensi yote: kitabu changu kikubwa kimepotea, vitabu vyangu vikubwa vimepotea. Kijerumani kina jinsia tatu, der, die na das, na mtu aliyezoea ngeli hashtuki kuambiwa kwamba kivumishi lazima kifuate nomino yake. Kigeni kwake ni kwamba kitambulishi na kivumishi hubadilika pia kulingana na kazi ya nomino kwenye sentensi. Mein großes Buch likiwa mtenda. Mit meinem großen Buch likitanguliwa na mit. Nguvu yako uielekeze huko.

Kwenye mtihani wa kuingilia Studienkolleg jambo hili linapimwa kwa namna ya kikatili kidogo. Nyingi hutumia zoezi liitwalo C-Test: matini fupi ambamo kila neno la pili limekatwa nusu. Er wo___ in ei___ großen St___. Neno la kwanza mtu analipata, wohnt. La mwisho analipata, Stadt. La katikati ndilo linalotenganisha watu: ni einer, kwa sababu Stadt ni nomino ya die, na baada ya wohnen in umbo lake hugeuka. Mtu aliyejifunza Stadt bila die yake anabahatisha hapo, na karatasi ina nafasi kama hizo nyingi. Mikondo kama T, M na W mara nyingi huongeza mtihani wa hesabu.

Kwenye matamshi tuna deni. Kiswahili kina irabu tano, na urefu wa irabu kwetu hauleti neno jipya kwa namna ya Kijerumani. Kwao Staat ni dola na Stadt ni mji, na tofauti unayoisikia ni a ndefu na a fupi. Fordern ni kudai, fördern ni kuendeleza au kufadhili. Katika mhadhara wa siasa, serikali inayodai utafiti na serikali inayofadhili utafiti ni habari mbili. Jizoeze ö na ü mapema, mbele ya kioo, na usiwaruhusu wenzako wakucheke hadi uache. Maneno kama Herbst, yenye konsonanti zilizobanana, yataka uache kuchomeka irabu katikati kama tunavyofanya na maneno ya mkopo.

Muda, fedha na karatasi

Goethe-Institut hukadiria kwamba kufika C1 kunahitaji takriban vipindi 800 hadi 1,000 vya dakika 45, ukianzia sifuri. Anayesoma vipindi 25 kwa wiki bila kukatiza anatumia miezi minane hadi kumi. Anayesoma jioni baada ya kazi, vipindi 8 kwa wiki, anatumia karibu miaka miwili au zaidi. Anayetangaza C1 kwa miezi mitatu anauza kitu kingine.

Wengi wanasikia kwamba chuo Ujerumani ni bure, wakadhani na lugha ni bure. Vyuo vingi vya umma kweli havitozi ada ya masomo, ingawa Baden-Württemberg ilianza kuwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula mwaka 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha München, TUM, kikaanza kutoza ada zake kwa wanafunzi hao tangu muhula wa baridi wa 2024/25. Kozi ya lugha unailipia, mamia ya euro kwa ngazi, na mahali pengine inapita elfu. Juu ya hapo kuna akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, unayotakiwa kuijaza kabla ya viza: kwa kiwango kilichowekwa 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Maana yake kila mwezi unaoutumia Ujerumani kujifunza A2 unaulipia pango na chakula cha Ujerumani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: fanya hadi B2 nyumbani ukiweza, na uende Ujerumani kwa kipande cha mwisho tu. Kipande hicho ndicho kinachofaidika na mazingira, na ndicho ambacho vyuo vya kule vinakijua kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenye ufadhili wa DAAD aulize mapema, kwani ufadhili wao mara nyingi huambatana na kozi ya lugha ya miezi miwili, minne au sita kabla ya masomo.

Bima ya afya ni mtego usiozungumzwa. Mwanafunzi aliyesajiliwa kwenye fani yake, akiwa chini ya miaka 30, huingia bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi. Aliyeko kwenye kozi ya lugha bado hahesabiwi kuwa mwanafunzi wa fani, na mara nyingi aliyeko Studienkolleg pia, kwa hiyo hutakiwa kukata bima ya binafsi kwa kipindi hicho. Soma masharti yake: nyingi za bei rahisi hazilipii ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari wala ujauzito.

Sheria ya ukaazi nayo inatofautisha safari yako. Kifungu cha 16b ni cha masomo, na kinajumuisha maandalizi kama kozi ya lugha ya chuo na Studienkolleg. Kwa kawaida maandalizi yote yasizidi miaka miwili. Kifungu cha 17 ni cha anayekwenda kutafuta nafasi ya chuo, hadi miezi tisa. Kifungu cha 16f ni cha kozi ya lugha kwa ajili ya lugha tu. Barua uliyoipeleka ubalozini ndiyo inayokuweka kwenye kifungu, na barua ya shule ya lugha ya mtaani haina uzito wa udahili wenye masharti kutoka chuoni. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini usipange kujilipia kozi kwa kazi hizo. Vipindi 25 kwa wiki na marudio yake havikuachii mikono huru.

Tarehe ya kuhesabia kurudi nyuma ni 15 Julai, siku ambayo vyuo vingi hufunga maombi ya muhula wa baridi. Kwa muhula wa kiangazi ni 15 Januari. Vingine hufunga mapema, na uni-assist inataka wiki kadhaa za kukagua vyeti. Viza nayo ina foleni yake. Ukianguka DSH mwezi wa tisa, udahili wenye masharti mara nyingi unaisha na unaomba upya, kwa hiyo ulizia tarehe ya kurudia mtihani siku ileile unapojiandikisha.

Na kabla ya kumlipa mtu yeyote chochote, iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo unachokitaka. Taja cheti chako, masomo na alama zako, na fani unayoitaka. Uliza kama unaingia moja kwa moja au kupitia Studienkolleg, vyeti gani vya lugha wanavikubali kwa fani hiyo na kwa alama ipi, kama wana kozi yao ya DSH, unaingilia ngazi gani, na bei yake. Huandikii mtu wa kumwogopa. Kujibu maswali haya ni kazi yao ya kila siku. Omba majibu kwa barua pepe uyahifadhi, maana ni hayo utakayoyatumia kuchagua shule ya lugha, na yatakufaa tena siku ya viza.